Namna ya kusakinisha programu za sayansi katika kompyuta ya zamani

KIPIMO cha kujaa na kupwa kwa maji katika bandari ya Zanzibar kimetoa takwimu za usawa wa bahari tangu mwaka 1984. Takwimu hizo huhifadhiwa pia katika Kituo cha Usawa wa Bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii, nchini Marekani, ambako mtu yeyote aweza kuzichukua bila malipo.

Kuzichambua ndiyo kazi nyingine. Mtafiti anayetaka kuigiza mikondo ya maji baina ya Unguja na Tanzania Bara, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, huhitaji programu ambazo haziuzwi katika maduka ya Darajani.

Mojawapo ni ROMS, inayoigiza mwendo wa bahari. Hutolewa bila malipo, lakini huja ikiwa maandishi ya lugha ya Fortran, na mtumiaji hulazimika kuijenga mwenyewe kwa kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi hayo kuwa amri ambazo kompyuta inaweza kuzitekeleza.

Kazi hiyo huwa nzito zaidi pale kompyuta iliyopo inapokuwa ya zamani. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 8, 2014, na Windows 7 Januari 14, 2020. Kwa upande wa programu huria, CentOS 7, iliyokuwa maarufu katika maabara, ilifikia ukomo wake Juni 30, 2024.

Watengenezaji wa programu za sayansi nao husonga mbele. Python 3.4 ndiyo ya mwisho kukubali Windows XP, na Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Programu ya takwimu ya R, kuanzia toleo la 4.2.0 la mwaka 2022, haitolewi tena kwa Windows ya biti 32.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuujua umri wa mfumo endeshi, kisha kutafuta toleo la programu lililo rika lake. Katika Linux, amri ya "uname -m" huonyesha aina ya mashine, na "gcc --version" huonyesha toleo la kompaila.

Kulazimisha vitu visivyo rika huleta matatizo pande zote mbili. Kompaila ya gfortran iliingia katika GCC 4.0 mwaka 2005. G77 iliyotangulia haikuielewa Fortran 90. Kinyume chake, GCC 10 ya mwaka 2020 hukataa baadhi ya makosa ya kale ambayo matoleo yaliyotangulia yaliyafumbia macho.

Hatua ya pili ni mpangilio. Programu kubwa husimama juu ya maktaba ndogo, kama ghorofa juu ya msingi. Kwa ROMS, huanza zlib, ikafuata HDF5, kisha netCDF ya lugha ya C, halafu netCDF ya Fortran, na ROMS yenyewe mwisho. Zote zijengwe kwa kompaila moja, kwani mafaili ya moduli yaliyotokana na toleo moja la kompaila huenda yasisomeke na toleo jingine.

Hatua ya tatu ni kuchagua mahali. Kwa kutumia "./configure --prefix" na kutaja kabrasha lake mwenyewe, mtumiaji huepuka kugusa maktaba za mfumo. Hatari kubwa ni kubadilisha glibc, ambayo takribani kila amri ya Linux huitegemea: ikiharibika, hata amri ya kuorodhesha mafaili haifanyi kazi.

Baadaye hufuata "make", kisha "make check", na hatimaye "make install". Wengi huiruka amri ya katikati, ambayo ndiyo hasa huijaribu maktaba kabla haijatumika.

Kupakua nako kuna mitihani yake. Kisakuzi cha zamani mara nyingi hukataliwa na tovuti za leo. Njia salama ni kupakua kwa kompyuta nyingine, kuleta faili kwa flashi, na kulihakiki kwa "sha256sum". Kompyuta yenye mfumo usiohudumiwa tena yafaa ikae nje ya intaneti.

Umeme nao usisahaulike. Unguja ilikaa gizani takribani mwezi mmodi mwaka 2008, na kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, baada ya kukatika umeme unaotoka Bara. Kazi ya kujenga programu katika mashine ya polepole huweza kuchukua saa nyingi.

Umeme ukirudi, "make" huendelea ilipoishia kwa kulinganisha saa za mafaili. Lakini faili lililokuwa likiandikwa huenda limeharibika, hivyo lifutwe kwanza. Aidha, betri ndogo ya saa ikiwa imekufa, kompyuta hurudi miaka ya nyuma na "make" huchanganyikiwa. Tarehe isahihishwe kabla ya kuendelea.

Jambo la mwisho ni daftari. Toleo la kila maktaba, kompaila na amri iliyotumika viandikwe. Kabla ya kuhamia mashine mpya, takwimu zilezile zipitishwe katika mashine zote mbili na majibu yalinganishwe.

Usawa wa bahari duniani umekuwa ukipanda kwa wastani wa zaidi ya milimita 3 kwa mwaka tangu 1993. Kwa kipimo kidogo kiasi hicho, programu inayosoma vibaya tarehe, au inayohesabu siku isiyo na kipimo kuwa sifuri, yaweza kutoa mabadiliko ambayo bahari ya Unguja haikuyafanya.