Nakuru Ilikuwa na Beach

Kila Desemba wasee wa Nax mnachanga pesa kwenda kuona maji Mombasa, na mat inawapitisha Hyrax Hill bila hata mtu kugeuza shingo. Haya basi, sikieni. Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Nakuru lilikuwa kubwa ajabu, maji yakafika hadi kwa hicho kilima. Ufuo wake wa zamani uko hapo, kilomita chache tu kutoka tao.

Mary Leakey alichimba pale 1937 na 1938. Kwa makaburi ya kale akapata wanawake wamezikwa na vyombo vya mawe, wanaume hawana kitu. Mimi hiyo ndiyo hunimaliza. Tunaambiwa zamani mwanamke hakuwa na mali, sasa vile vyombo vilikuwa vya nani?

Kuna pia mashimo ya Sirikwa, mahali wafugaji walikuwa wanafungia ng'ombe, na bao limechongwa kwa mwamba. Makumbusho yenyewe ni ndogo, ilikuwa nyumba ya shamba ya mzungu.

Lakini kitu kinaniuma ni hiki. Miaka hii ya karibuni ziwa limepanda, likameza geti kuu la mbuga na nyumba za watu, na sisi tunashangaa ni kama maji yamepotea njia. Si lilikuwa huko kabla yetu? Auntie yangu alinunua ploti upande huo. Saa hii ndege wanaogelea pale alitaka kuweka jikoni.