Kutoka Mfano hadi Kanuni na Kurudi: Alexis Kagame na Ngeli za Kiswahili mjini Kigali

Mwaka 1956 ilichapishwa mjini Brussels tasnifu ya padri Mnyarwanda Alexis Kagame (1912–1981), *La philosophie bantu-rwandaise de l'être*. Kagame alianza na maneno ya kila siku: *umuntu*, *ikintu*, *ahantu* na *ukuntu*. Katika mzizi mmoja, *-ntu*, alisoma makundi manne ya vyote vilivyopo: chenye akili, kisicho na akili, mahali pamoja na wakati, na namna ya kuwa.

Mwanafunzi wa Kigali anayejifunza Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, hupita njia hiyohiyo bila kuambiwa. Anasikia *umuntu/abantu* na mtu/watu, *ikintu/ibintu* na kitu/vitu, na mara anapata kanuni: irabu ya mwanzo huondoka, *ibi-* huwa vi-. Ni kanuni nzuri, tena ameivumbua mwenyewe. Kisha anataka kutaja mti. Kwa Kinyarwanda mti ni *igiti*. Kanuni inampa "kiti", na darasa linacheka. Akijaribu *umuti*, yaani dawa, anapata "mti". Mzizi ni uleule, *-ti*, ila kila lugha imeupa viambishi na kazi zake. Kosa hili si la uvivu: kanuni imetumika sawasawa, lakini haikurudishwa kwenye mifano mipya ili ijulikane inaishia wapi.

Kagame alilijua tatizo la aina hii. *Imbwa*, yaani mbwa, haina kiambishi cha *ikintu*, ilhali katika mfumo wake iko katika kundi hilo la visivyo na akili. Hivyo kundi moja la kifalsafa lilibeba ngeli kadhaa za kisarufi. Mkosoaji anaweza kuuliza, na waliuliza wengi, kama hapo ni lugha inayosema au ni mwanafalsafa. Swali hilo lina uzito pia kwa mwalimu anayebandika jedwali la ngeli ukutani siku ya kwanza.

Mfano wa *ahantu* una mafunzo zaidi. Kiswahili kimechukua neno "mahali" kutoka Kiarabu, neno lisilo na kiambishi cha pa-. Hata hivyo husemwa "mahali pazuri". Kinachobaki cha ngeli hiyo kinaonekana katika upatanisho, si katika umbo la nomino. Anayetazama nomino peke yake, hata akiwa na jedwali mkononi, hawezi kukiona. Anayesikia sentensi nzima hukiona mapema.

Mtaala unaozingatia umahiri ulizinduliwa Rwanda mwaka 2015. Mtahini anayeuliza "kiti" iko katika ngeli gani hupata jibu lililokaririwa. Akiweka picha ya mti, kiti na chupa ya dawa, kisha akadai sentensi tatu katika umoja na wingi, ataona kanuni ya mwanafunzi imefika wapi.