Sharbati ya Ukwaju na Kitabu cha Bibi Salme

Baadhi yenu mmeniuliza ni kitabu gani kinachofaa kusomwa na vijana wetu katika likizo ya kiangazi, hasa wale waliozaliwa ugenini. Hapa Maskati suala hilo lina uzito wake. Mwezi wa Juni joto hupita digrii 40, na mtu hujifungia ndani tangu adhuhuri mpaka alasiri; asipokuwa na cha kusoma, hulala mpaka akachoka kulala. Jibu langu ni kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886. Nami naongeza kinywaji chake, kwani kitabu hiki hakipatani na chai. Chake ni ukwaju.

Nianze na ukwaju. Waarabu waliuita *tamr hindi*, yaani tende ya Kihindi, na Wazungu wakalichukua jina hilo wakalipindapinda kwa ndimi zao. Ajabu ni kwamba mti wenyewe asili yake ni Afrika. Jina linamnasibisha mahali, na shina lake liko pengine. Wengi wetu tunaielewa hali hiyo bila ya kuelezwa. Hata neno *sharbati* tumelipata katika Kiarabu, kwenye kitenzi cha kunywa, nalo limezoea vinywa vyetu hata hakuna anayeliona kuwa mgeni.

Kuutengeneza si kazi. Loweka ukwaju katika maji ya vuguvugu, uvuruge kwa vidole mpaka kokwa ziachane na nyama, uchuje, utie sukari, hiliki iliyotwangwa na chembe ya chumvi. Anayependa huongeza matone ya maji ya mawaridi. Hapa tunayo ya Jabal Akhdar, yenye harufu ya moshi kidogo. Wazee walikuwa wakipoza maji katika mtungi wa udongo: maji hupenya taratibu, yakauke kwa upepo nje ya mtungi, na yanapokauka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Friji ni jambo jema, lakini huupa ukwaju baridi kali mno, ukapoteza nusu ya ladha yake.

Sasa kitabu. Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, binti wa Sayyid Said bin Sultan na wa suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Kurasa zake za Mtoni ndizo zinazostahiki gilasi ya kwanza: ua uliojaa watu na wanyama, mahamamu, na baraza iliyotokeza juu ya bahari ambako baba yake alikuwa akinywa kahawa.

Mimi niliyekula mkate wa ukarani maisha yangu yote huvutwa zaidi na jambo jingine. Wakati ule mabinti walifundishwa kusoma, kuandika wakanyimwa. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, ndugu wakagawanyika, na mwaka 1859 Barghash alipopanga kumpindua Majid, aliyeandika barua za wale waasi alikuwa binti huyo wa miaka kumi na mitano. Barghash alishindwa akapelekwa Bombay. Kalamu ile ilimgharimu Salme mapenzi ya nusu ya jamaa zake.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akaolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, ambaye alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu. Akabaki mjane mwenye watoto watatu, katika nchi ya baridi. Miaka tisa hivi kabla ya kuchapisha kitabu alianza kuandika kwa ajili ya watoto hao, ambao hawakujua mengi juu ya asili yake zaidi ya kuwa mama yao ni Mwarabu atokaye Zanzibar. Naomba msomaji asimame hapo. Ni wajukuu wangapi katika nyumba zetu, za Maskati, za Dubai, za London, wanaojua zaidi ya hayo? Tena aliandika kwa Kijerumani, lugha ya watoto, kwa kuwa zake hazikuwa zao.

Sikisifu kitabu chote. Anapozungumzia utumwa huutetea ule wa Waarabu na kuwakemea Wazungu kwa kutouelewa, na katika lawama zake kwa Wazungu mna ukweli kidogo. Lakini maji ya sharbati za Mtoni yalichotwa na mtu, na mtu huyo hakuulizwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na bado ziko familia zetu zinazosimulia mashamba ya karafuu kana kwamba yalijichuma yenyewe. Wasomeeni watoto sura hiyo pia, msiiruke.

Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1888, na si vigumu kuipata. Sura ya kurejea iachieni mwisho. Mwaka 1885 alirudi Unguja katika meli ya Wajerumani, ambao walikuwa na haja zao wenyewe za kumleta. Barghash, ambaye zamani alimwandikia barua zake, sasa ndiye aliyekuwa Sultani, na alikataa kumpokea. Akaenda kuitazama Mtoni akaikuta gofu. Sura hiyo sijapata kuimaliza kwa kikao kimoja.