Mwale Usiotaka Kuguswa

J. J. Thomson alipochunguza elektroni pale Cambridge mwaka 1897, hakuogopa kuugusa mwale wake. Aliuacha ugonge mwisho wa chupa ya kioo, doa la mwanga likatokea, naye akapima limesogea kiasi gani. Kwa miongo kadhaa baada yake wengi walifuata njia hiyo: skrini inayong'aa, waya mwembamba, kikombe cha metali cha kuzinasa chembe na kupima umeme wake. Ukishapima hivyo, mwale umeuvuruga au umeumaliza. Nani alijali? Chembe nyingine zilikuwa njiani.

Sinkrotroni ndizo zilizoharibu starehe hiyo. Humo chembe zilezile huzungushwa mara nyingi mno ndani ya bomba la ombwe, na ukiweka skrini njiani umeua ulichokuja kukitazama. Njia ya kwanza ya kujinasua ilijitokeza bila kutafutwa. Tarehe 24 Aprili 1947, katika maabara ya General Electric mjini Schenectady, New York, fundi Floyd Haber alichungulia kwa kioo kutoka nyuma ya ukuta wa zege. Bomba la mtambo lilikuwa la kuonyesha ndani. Aliona mwanga mkali, akadhani umeme umeruka, akaashiria mtambo uzimwe. Lakini ombwe lilikuwa salama. Mwanga ulitoka kwa elektroni zenyewe: mweupe wa kibuluu kwenye nishati ya MeV 70, wa njano kwenye 40, mwekundu hafifu kwenye 30. Kwa wajenzi wa mitambo, mng'aro huo ulikuwa nishati inayovuja. Baadaye uliwekewa kamera, ukawa picha ya mwale wenyewe.

Protoni, zilizo nzito, hazikuwa na ukarimu huo. Kwazo ilibidi kutegemea chaji inayoandamana nazo kwenye ukuta wa bomba kama kivuli: vibao vya metali vikiwekwa pande mbili, kile kilicho karibu na mwale hupata ishara kubwa zaidi. (Hata vibao hivyo huunyang'anya mwale chembe ya nishati; kutogusa kabisa hakupo.)

Maabara ya CERN, karibu na Geneva, ilipojenga mtambo wa ISR, ulioanza kugonganisha protoni mwaka 1971, likazuka tatizo jingine. Mwale ulizunguka kwa saa nyingi bila mapigo, na transfoma ya kawaida ya kupima mkondo wa mwale huhisi mabadiliko tu. Mhandisi Klaus Unser akabuni transfoma ya kupima hata mkondo uliotulia. Kisha mwaka 1972, kwenye ISR hiyohiyo, ilisikika kelele ndogo inayotokana na ukweli kwamba mwale ni chembe moja moja. Mtu mwingine angeichuja aitupe. Mhandisi wa CERN Simon van der Meer alikuwa ameshawaza kuitumia kurekebisha chembe zilizotawanyika, na wazo hilo likampa Tuzo ya Nobel ya 1984 pamoja na mwanafizikia Carlo Rubbia.

Mwaka 1996 mtambo mwingine wa CERN, LEP, wenye mzingo wa kilomita 27, uligoma kuzungusha mwale. Vipimo vya mahali vilionyesha unapotelea wapi. Bomba likafunguliwa, na ndani zikakutwa chupa mbili za bia.

Kwenye mtambo wa LHC, uliorithi handaki la LEP, mzaha umekwisha. Kila mwale ulisanifiwa kubeba nishati ya megajuli 362, na kitu kigumu kikikaa katikati yake hakisalimiki. Kwa hiyo maelfu ya vyumba vidogo vya gesi vimepangwa nje ya bomba kunasa mnyunyizo wa chembe zinazopotea. Ukizidi kiwango, mwale hutupwa kabla haujamaliza mizunguko michache, na mzunguko mmoja ni mikrosekunde 89 tu. Hata hewa haitakiwi njiani: kazi ya pampu ni kuhakikisha bomba halina hewa. Lakini wanafizikia wa jaribio la LHCb waligundua kwamba migongano na gesi iliyosalia humo inachora umbo la mwale vizuri sana, nao wakaomba kuongeza gesi. Wakaruhusiwa kuingiza neoni kidogo.