Mtawa Asiyejulikana Jina na "Give Up" Yake: Kiingereza cha Mtaani Kilikotokea

Staa wa Bongo akihojiwa kwa Kiingereza tu, unajua kitakachofuata. Video haijafika hata dakika ya pili, watu wameshaanza kumchambua. Cha ajabu, wengi wanaochekwa wala hawajakosea sarufi. Wanasema "postpone", "tolerate", "investigate". Ni sahihi kabisa, ila ni Kiingereza cha chumba cha mtihani. Mwingereza akiwa sebuleni kwake anasema "put off", "put up with", "look into". Kitenzi kifupi, halafu kineno kidogo nyuma yake. Hapo ndipo watu wanaposema jamaa anamwaga yai.

Sasa wengi tunadhani vitenzi hivi ni mtindo wa juzi, umeletwa na muvi za Marekani. Hapana. Ni vya zamani kuliko hiyo Marekani yenyewe.

Turudi karne ya 9. Waviking kutoka Denmark walivamia Uingereza, wakaja kupora, halafu wengi wakaishia kulima na kuoa hukohuko kaskazini na mashariki. Hawa watu hatuna majina yao, ila kila siku tunatumia maneno yao. "Take" ni neno lao. "Get" lao. "Call" lao. Yaani ukisema "take off", "get up" au "call off", nusu ya sentensi ni ya Viking. Na lugha yao ilipenda kuweka kineno baada ya kitenzi, wakati Kiingereza cha kale mara nyingi kilikibandika mbele. Wataalamu bado wanabishana mchango wao ulikuwa mkubwa kiasi gani, lakini majirani wakiongea na kuoana miaka mingi, lugha zinaambukizana. Sisi wa Kariakoo hatuhitaji kuelezwa hilo.

Mwaka 1066 Wanormani wakatoka Ufaransa wakaiteka Uingereza. Ikulu ikawa inaongea Kifaransa, kanisa linaandika Kilatini, na Kiingereza kikabaki jikoni na shambani. Kukiandika ilikuwa kama kuposti kitu ambacho hakuna mkubwa ataki-like. Ila kwenye monasteri moja mjini Peterborough, eneo ambalo Waviking walikuwa wamelitawala zamani, watawa waliendelea kuandika matukio kwa Kiingereza mpaka habari za mwaka 1154.

Mtawa wa mwisho kushika kalamu hatumjui jina. Tunachojua ni kwamba aliandika kipindi kibaya, cha vita vya kugombea kiti kati ya mfalme Stephen na binamu yake Matilda. Anasimulia watu walivyoning'inizwa miguu juu na kufukiziwa moshi ili watoe mali zao. Humo humo anasema Stephen aliwakamata maaskofu wa Salisbury na Lincoln, akawatupa ndani mpaka walipo-"give up" ngome zao. Ndiyo, hiyo hiyo "give up" unayoisikia leo, ila kwake maana yake ilikuwa kukabidhi. Ni kati ya mifano ya zamani kabisa tuliyonayo. Maana ya kukata tamaa ilikuja baadaye, na ukifikiria inaeleweka: aliyekabidhi ngome ameacha kupigana.

Miaka ikaenda, Kiingereza kikabeba maneno ya mabosi pia. Ndiyo maana kuna "surrender" ya Kifaransa na "give up" ya mtaani, maana karibu moja, madaraja mawili. Na Kiingereza kilichotufikia sisi darasani kilikuwa zaidi cha daraja la juu: cha sheria, barua za ofisini na mitihani. Mtoto anasoma kwa Kiswahili msingi mzima, anaruka kidato cha kwanza anakutana na "extinguish" kabla hajasikia "put out". Halafu tunamcheka akisikika kama hakimu! Mimi naona si haki.

Wenyewe Waingereza nao walivinyanyapaa vineno hivi. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimsema Ben Jonson, marehemu wa miaka 35, eti anamalizia sentensi na kineno kama "from". Baadaye akapitia hadi kazi yake mwenyewe ya zamani na kurekebisha. Kumbukumbu za Kilatini zilikuwa zimewaingia kichwani. Samuel Johnson alikuwa na akili tofauti. Kwenye kamusi yake ya 1755 alikiri kwamba vitenzi hivi ni mtihani mkubwa kwa wageni, akavikusanya kwa makusudi ili kuwasaidia. Hata jina la kitaalamu, "phrasal verb", lilikuja kuchapishwa mwaka 1925 na Logan Pearsall Smith. Zaidi ya miaka 750 tangu yule mtawa, watu wanavitumia tu bila jina.

Na sisi tunavyo vya kwetu. Hebu mweleze Mzungu "piga": piga simu, piga pasi, piga picha, piga mswaki, halafu mtu kapigwa chini na mpenzi wake. Hakuna aliyepigwa hapo. Wewe hukukariri orodha, ulisikia mtu akisema, ukaelewa.

Kwa hiyo usianze na orodha ya maneno 500 uliyoidownload. Shika kile kineno. "Up" mara nyingi inabeba wazo la kumaliza kabisa: "eat up", "use up". "Off" inatenga kitu na kingine: "cut off", "take off". "Out" inatoa kitu kwenye kificho: "find out", "work out". Na kikubwa, angalia mahali pa kuweka "it". Unasema "turn it off", kamwe si "turn off it". Hapo hata waliobobea wanateleza. Lakini "look after it" haikatwi katikati, kwa hiyo jifunze kila kimoja na sentensi yake nzima.

Kuna vingine havina msaada, kama "put up with". Ukivichambua kineno kwa kineno hupati kuvumilia hata ukeshe. Hivyo kariri tu, kama Mzungu atakavyokariri kula bata bila kumwona bata mwenyewe.