Gunia la Suam na cheti chake

Reli ilipofika Kitale, magharibi mwa Kenya, mwaka 1926, mahindi ya Trans Nzoia yalianza kwenda kwa walaji wasiomjua mkulima. Imani ikahitaji mahali pa kushika, na mahali pa kwanza pakawa mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini Kitale mwaka 1956, mwanzoni kwa mbegu za nyasi za malisho. Mwaka 1964 yakaja mahindi chotara H611, uzao wa mbegu ya Kitale na nyingine iliyotoka Ecuador. Jina likavuma, na matapeli wakalitamani: wakapaka rangi mahindi ya kula na kuyafunga kwenye pakiti za kuigiza. Ndiyo maana pakiti halali siku hizi ina kibandiko cha kukwaruza cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, chenye namba ambayo mkulima huituma kwa simu kabla hajapanda.

Nafaka yenyewe hupimwa kwa jino. Mnunuzi huzamisha mkono guniani, akatoa punje, akaitafuna. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Wengine hutikisa punje na chumvi ndani ya chupa kavu, na chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yanarudishwa juani. Ni ujuzi wa kweli, unaostahili heshima.

Lakini sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, haina mlio.

Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mahindi yaliyowaua yalikuwa yamelimwa huko huko. Hata hivyo, Machi 5, 2021, marufuku ya Kenya iliyalenga mahindi ya Uganda na Tanzania. Siku tano baadaye yaliruhusiwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, awe na cheti cha asili ya mzigo, na kingine kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Kudai kipimo ni haki ya mlaji. Kasoro iko kwenye anayekilipia. Mwenye lori hutandaza gharama yake juu ya mamia ya magunia. Mama anayevuka mpaka wa Suam kutoka Uganda na magunia mawili hana pa kuitandaza. Tena masharti hayo ya mpakani hayakuligusa gunia la Endebess, upande wa Kenya, ingawa lilivunwa chini ya mvua ile ile ya Mlima Elgon iliyolowesha mahindi ya Bukwo, Uganda, ng'ambo ya mto Suam. Mashine za kukaushia na vipimo vinapaswa kuwekwa karibu na mashamba, pande zote mbili, msimu wa mavuno ukianza.