Pawa saplai ya kompyuta yenye kadi nyingi za grafiki

Pawa saplai ni kifaa kinachogeuza umeme geu wa ukutani kuwa umeme mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kadi za grafiki hutegemea zaidi volti 12, hivyo wati za laini hiyo ndizo za kusomwa kwenye lebo, si jumla iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Tundu la kadi kwenye ubaomama hutoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Kadi mbili za GeForce RTX 3090 (2020), kila moja wati 350, hula wati 700 kabla prosesa haijahesabiwa. Kwa mashine hiyo, wati 1,200 si anasa.

Kompyuta ikizimika ghafla kazi inapopamba moto, mara nyingi kadi zimevuta umeme kwa kishindo cha milisekunde chache, mwingi kuliko kinga ya pawa saplai inavyostahimili. Kila plagi ipewe waya wake. Nyaya za kuchomoa za pawa saplai nyingine zisitumike: huingia vizuri, lakini mpangilio wa pini ukitofautiana huunguza vifaa.